Maua ya Shaba: Historia ya Vilima vya Katanga na Somo Lake Kwetu Maniema

Mtu akisimama Kindu kando ya Lualaba, anaona maji yanapita tu, yanaelekea Ubundu na Kisangani. Ni mara chache tunajiuliza yametoka wapi. Kumbe yametoka mbali sana. Mto unaanza kusini kabisa ya Katanga, upande wa mpaka wa Zambia, unapita karibu na Kolwezi, unagusa Bukama, unaingia katika nchi ya maziwa ya Upemba na Kisale, unagusa Kabalo na Kongolo, halafu unashuka mpaka kwetu. Maji haya tunayooga na kuvulia samaki yamekwisha kupita katika nchi ya shaba.

Tena si maji peke yake. Reli inayotoka Kindu inaelekea kule kule, na tangu mwaka 1956, kipande cha Kabalo mpaka Kamina kilipokwisha kujengwa, treni ya Kindu iliweza kwenda mpaka Lubumbashi. Vijana wengi wa Maniema walipanda treni kutafuta kazi Katanga, na leo ni jamaa chache hapa Kindu zisizokuwa na ndugu huko. Kwa sababu hiyo tumeona vema, katika kitabu hiki cha mila na desturi, tuweke habari ya maua yanayoota juu ya vilima vya shaba. Wengine watauliza: maua na mila, wapi na wapi? Tunaomba msomaji avumilie kidogo, atayaona yakikutana.

Vilima vyenye upara

Sehemu kubwa ya Katanga ya kusini iko na pori la miti, lile wataalamu wanaloliita miombo. Lakini katikati ya pori hilo, kutoka upande wa Kolwezi mpaka kupita Lubumbashi, kuna vilima zaidi ya 100 ambavyo haviko na miti juu yake. Ukiviona kwa mbali utasema ni kichwa cha mzee mwenye upara: chini kando kando miti imesimama, juu ni majani mafupi na mawe tu.

Juu ya nini miti haioti pale? Ni kwa sababu udongo wake umejaa shaba, na mara nyingi kobalti pia. Shaba kidogo ni chakula cha mmea, lakini ikizidi ni sumu. Mizizi ya mti ikiingia ndani ya udongo ule inaungua, mti unakufa ungali mchanga. Basi mahali mti umeshindwa, majani na maua madogo yamepata nafasi. Yamezoea ile sumu kwa muda mrefu sana, kizazi kwa kizazi, mpaka mengine hayapatikani popote duniani isipokuwa juu ya vilima hivyo.

Wataalamu wamehesabu mimea zaidi ya 500 inayoishi kwenye vilima vya shaba. Katika hiyo, kama 30 hivi ni ya pale tu. Kila kilima ni kama kisiwa katikati ya ziwa la miti. Ua likipotea kwenye kisiwa chake, haliko na jirani wa kuliletea mbegu.

Ua lililowaonyesha wazee njia

Ua linalojulikana zaidi linaitwa kwa jina la kitaalamu Haumaniastrum katangense. Jina hilo linamkumbuka Lucien Hauman, mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji. Wafaransa na Wabelgiji walilipa jina rahisi: ua la shaba. Ni mmea mdogo, haufiki hata magoti ya mtu, wa jamaa moja na lumbalumba tunayotumia nyumbani. Maua yake ni ya rangi ya zambarau, nayo yanaonekana sana mvua zinapokaribia kwisha.

Ua hili liko na tabia ya pekee. Linapenda udongo wenye shaba ambao umekwisha kuvurugwa: mahali pamechimbwa, mahali mawe yamevunjwa, hata kando ya njia ambako mawe ya madini yalimwagika. Kwa hiyo likiota kwa wingi, linasema mambo mawili: hapa kuna shaba, na mara nyingi, hapa watu walifanya kazi.

Watafiti waliokuja Katanga walilijua jambo hilo. Mwaka 1958 Paul Duvigneaud, profesa wa Bruxelles, aliandika juu ya mimea ya Katanga na udongo wake wenye madini, na watafuta madini wakatumia maua kama alama. Baadaye wataalamu wa mambo ya kale, pamoja na wale wa mimea, wakageuza ile akili. Walisema: kama ua linafuata shaba iliyomwagwa na watu, basi tulifuate ua tuwapate watu wa zamani. Ndivyo walivyokuta mahali pa tanuru za kale, pale wahenga walipoyeyusha mawe katika tanuru zilizojengwa kwa udongo wa kichuguu. Tanuru yenyewe ilikuwa imekwisha kubomoka na kufunikwa. Mzee wa kusimulia hakuwapo tena. Lakini maua yalikuwa bado yanaota juu yake, mwaka kwa mwaka, kama mtu anayelinda kaburi la baba yake.

Hapo ndipo maua na mila vinakutana. Sisi tumezoea kusema kwamba historia yetu haikuandikwa, ilikaa katika kinywa cha wazee. Ni kweli, lakini haitoshi. Sehemu nyingine ya historia iliandikwa ardhini.

Walaji wa shaba

Kazi ya shaba Katanga ni ya zamani sana. Huko Naviundu, karibu na Lubumbashi, wataalamu wamekuta alama za kuyeyusha shaba za karne ya 4. Katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa kuanzia mwaka 1957, wamekuta wafu waliozikwa na vyungu, vitu vya chuma na vya shaba. Katika makaburi ya nyakati za baadaye kuna misalaba midogo ya shaba. Kadiri miaka ilivyoendelea, misalaba ile ilizidi kuwa midogo na yenye kipimo kimoja. Maana yake ilikuwa imegeuka feza: ya kununulia, ya kulipia, ya kutolea mahari. Kisale ni ziwa la Lualaba yetu hii hii. Mto uliopita pembeni ya makaburi yale ndio unaopita pembeni ya soko letu.

Mwaka 1926 Jean-Félix de Hemptinne, mkubwa wa Kanisa Katoliki huko Katanga, aliandika habari za mafundi wa shaba walioitwa walaji wa shaba. Kwa lugha ya kule shaba ni mukuba, na kwenda kuchimba ilikuwa ni kwenda kula mukuba. Kazi hiyo ilikuwa na majira yake. Watu walimaliza kwanza kuvuna mtama. Mvua ikisha, walipanda vilimani. Wanaume walichimba, wamama na watoto waliokota mawe ya kijani na kuyachagua. Walikata miti migumu kama mubanga, wakachoma makala. Mwisho wa kiangazi waliyeyusha, na mvua ya kwanza ilipokaribia, kila mmoja alirudi kwake kulima. Ufundi wenyewe haukuwa wa kila mtu. Mtu aliingizwa kwa mafunzo na kwa dawa, na siri ilikaa kwa mafundi.

Tusidanganyane hapa. Hatusemi kwamba wahenga walikuwa wanalinda maua. Walichimba, walikata miti, waliharibu mahali pengine. Hata ua la shaba lenyewe limeenea kwa sababu ya kazi yao. Lakini walichimba kwa mkono, wakifuata mshipa wa mawe mazuri, kwa miezi michache ya mwaka. Walichukua sehemu ya kilima, kilima kikabaki. Majani ya pembeni yalirudi kufunika shimo. Mbegu hazikuenda mbali.

Kilima chote kikiondoka

Mambo yaligeuka mwanzoni mwa karne ya 20. Jules Cornet, mtaalamu wa mawe, alikuwa amekwisha kupita Katanga kati ya mwaka 1891 na 1893, akaeleza utajiri wake. Mwaka 1906 ikaundwa sosiete ya Union Minière du Haut-Katanga, na mwaka 1911 kiwanda cha Lubumbashi kikatoa shaba ya kwanza, kwa mawe ya kilima cha Étoile. Mwaka 1967 serikali ikachukua mali ya sosiete hiyo, ikazaliwa Gécamines. Jimbo lenyewe liliitwa Shaba tangu mwaka 1971 mpaka 1997. Kisha ikaja sheria ya madini ya mwaka 2002, sosiete nyingi za kigeni zikaingia. Tenke-Fungurume ikaanza kutoa shaba mwaka 2009. Leo nchi yetu imefika nafasi ya pili duniani kwa kutoa shaba, na ya kwanza kwa kobalti, ile inayotiwa katika batri za simu na za magari ya umeme.

Kwa mashine za leo, mtu hafuati tena mshipa. Kilima chote kinakatwa, kinasagwa, kinageuka shimo. Na hapa tunapaswa kutenga maua ya aina mbili, maana wengi wanayachanganya.

Aina ya kwanza ni kama Haumaniastrum katangense, ua linalofuata watu. Hilo haliko na woga mkubwa. Ukivuruga udongo linaota, ukimwaga mawe njiani linaota.

Aina ya pili ni maua yasiyotaka kuhama. Yanaishi katika majani ya asili ya mteremko, udongo usioguswa, na kila moja limechagua kiasi chake cha shaba: mengine juu kwenye mawe, mengine katikati, mengine chini karibu na miti. Kuna Crotalaria cobalticola, yenye maua ya manjano, jamaa ya maharagwe, inayopenda udongo wa shaba na kobalti. Kuna Gladiolus ledoctei, yenye kitunguu chake chini ya ardhi. Kuna Crepidorhopalon perennis, mmea mdogo unaojulikana katika eneo la Tenke-Fungurume peke yake. Mashine ikipita, hayo hayarudi. Mwaka 2010 wataalamu walipotoa orodha ya mimea ya shaba, walikuta mingi ya ile isiyopatikana pengine iko katika hatari kubwa sana, na michache haikuonekana tena.

Shida iko wazi: kile kinacholisha ua ndicho kinachotafutwa na sosiete. Ua haliwezi kukimbia, na madini hayawezi kuachwa yote. Nchi inataka feza, vijana wanataka kazi, na sisi wenyewe tunatumia simu. Basi kifanyike nini?

Kulinda ua ni kulinda mahali pake

Watu wengi wanafikiri kulinda ua ni kulichuma na kulipanda uani. Kwa maua ya shaba njia hiyo haifiki mbali. Kwenye udongo mzuri wa shamba, majani mengine yanakua haraka, yanayafunika, yanayashinda. Nguvu ya ua la shaba ni kuvumilia pale wengine hawawezi. Ukiliondolea taabu yake, umelipa adui wengi.

Kwa hiyo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Gembloux na Bruxelles wamefuata njia nyingine, na huko Tenke-Fungurume kazi hiyo imefanyika pamoja na sosiete yenyewe. Kwanza, kuhesabu mimea ya kilima kabla mashine haijaingia. Pili, kutenga vilima vingine au vipande vyake visiguswe. Tatu, pale lazima kuchimba, kutoa ule udongo wa juu pamoja na mizizi na mbegu zake, na kuupeleka mahali pengine palipotayarishwa kwa udongo wenye shaba. Nne, kuweka akiba ya mbegu. Mbegu za mimea hii zimehifadhiwa hata katika bustani ya mimea ya Meise, Ubelgiji, na mwaka 2013 yalitolewa majibu ya majaribio ya kuziotesha.

Lakini akiba ya mbegu ni kama feza ya nchi nyingine: bila soko lake, haikununulii kitu. Mbegu inahitaji kilima cha kurudia.

Tena kilima kilichotengwa hakitoshi kuwekewa ukuta tu. Majani yale yamezoea moto. Mimea mingi ya pale iko na mizizi minene au vitunguu chini ya ardhi. Moto ukipita juu, inachipuka upya na kutoa maua, kwa sababu majani makavu yaliyofunika jua yameondoka. Ila moto uko na saa yake. Huko Ndola, upande wa Zambia, walianza mwaka 1933 majaribio ya kuchoma pori la namna moja na lile la Katanga, na majibu yalitolewa mwaka 1959. Walikuta kwamba moto wa mwanzo wa kiangazi, majani yakiwa bado na unyevu, ni mwepesi, hauui miti. Moto wa mwisho wa kiangazi, kila kitu kikiwa kikavu, ni mkali, unamaliza miti. Na mahali palipokatazwa moto kabisa, miti ilijaa na kubana. Kwa hiyo mlinzi wa majani na maua hawezi kusema tu "msichome" au "chomeni". Ni lazima ajue lini, wapi, na mara ngapi.

Faida yake ni nini kwa mtu?

Mtu mwenye njaa anaweza kutuuliza swali hilo, na tunapaswa kumjibu bila hasira.

Jibu la kwanza liko Lubumbashi. Kiwanda kilichoanza mwaka 1911 kilitoa moshi kwa miaka mingi, na moshi ule ulimwaga madini juu ya udongo wa mitaa iliyo upande wa upepo. Huko Penga Penga majani yalikufa, ardhi ikabaki tupu, na vumbi lake linaingia katika nyumba, katika sahani ya bukari, katika kifua cha mtoto. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu kufunika udongo ule. Majani ya kawaida hayakuweza. Mwaka 2010 walitoa habari kwamba kuna majani madogo ya asili ya vilima vya shaba, yanayoitwa Microchloa altera, yaliyoweza kukaa pale na kuushika udongo. Basi dawa ya jeraha la shaba ilikuwa juu ya kilima cha shaba. Tukimaliza vilima vyote, tutatoa wapi dawa?

Jibu la pili ni lile la historia. Kilima kikikatwa chote, pamoja na majani yake na tanuru zake, umepoteza ushahidi kwamba mtu mweusi wa nchi hii alijua kuyeyusha shaba kabla ya kiwanda chochote cha mgeni. Mtoto wetu atasoma shuleni kwamba shaba ya Katanga ilianza mwaka 1906, na hatutakuwa na kitu cha kumwonyesha mkononi.

Na sisi wa Maniema?

Kusema kweli, hapa Kindu hatuko na vilima vya shaba. Sisi tuko na kasiterite ya Kalima, Punia na Kailo, na dhahabu ya Namoya na Kampene. Lakini tunayo mbuga yetu ya majani, zaidi upande wa kusini, Kibombo na Kasongo, na kila kiangazi tunaichoma: kuwinda simbiliki, kufungua njia, kutayarisha shamba. Wazee walikuwa na mpango. Mkubwa wa ardhi ndiye aliyesema siku ya moto, na mtu aliyewasha kabla yake au nyuma yake aliulizwa sababu. Sasa mara nyingi kila mmoja anawasha siku anayotaka, na wengi wanawasha mwisho wa kiangazi, wakati moto unakula kila kitu. Mwaka 2016 iliundwa Mbuga ya Taifa ya Lomami, sehemu yake ikiwa katika jimbo letu, lakini hifadhi moja haiwezi kubeba majani yote ya Maniema.

Tunajua sheria ya zamani ya moto haikutungwa kwa ajili ya maua. Ilitungwa kwa ajili ya nyama, shamba na amani kati ya vijiji. Hata hivyo maua yaliishi ndani yake, kama vile yalivyoishi kando ya walaji wa shaba. Sheria ikivunjika, wa kwanza kupotea ni yule mdogo asiyekuwa na sauti.

Kwa hiyo sisi wa chama tumekubaliana jambo moja dogo ambalo linawezekana bila feza. Kila mwanachama anayekwenda kijijini kwao awaulize wazee wawili, mmoja bibi na mmoja babu: ni maua gani ya mbugani waliyoyajua katika utoto wao, yaliitwaje kwa lugha ya nyumbani, yalitumika kwa kazi gani, yaliota wapi, na nani alitoa ruhusa ya kuchoma. Aandike katika daftari. Kisha aende na mtoto mmoja mpaka pale pale, waangalie kama ua bado lipo. Kama lipo, kijiji kijue mahali pake na kichome mapema. Kama halipo, tuandike pia kwamba halipo, na tangu lini.

Ua la Katanga lilikuwa na bahati, shaba ililifanya lijulikane. Ya kwetu hayana shaba ya kuyatangaza. Yanawangoja bibi na babu walio bado hai, nao hawatatungoja sana.